Barua ya wazi: Abiria wa Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere wahesabiwe pia barabarani

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Uchukuzi na wa Ujenzi, Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, na watendaji wakuu wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege, TANROADS (barabara kuu), TARURA (barabara za mitaa), DART (mabasi ya mwendokasi) na LATRA (leseni za usafiri wa nchi kavu).

Waheshimiwa, salaam.

Jengo la Tatu la abiria pale Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere lilizinduliwa Agosti 2019, likiwa na uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Tunajivunia jengo hilo. Ila namba hiyo ya milioni 6 inahesabu watu wanaopita ndani ya jengo. Haisemi ni magari mangapi yatakayopita makutano ya TAZARA, Barabara ya Nyerere inapokutana na ya Mandela, saa 11 jioni, wala foleni ya getini itafika wapi. Tunachowaomba ni kwamba kila upanuzi wa uwanja, uwe wa jengo, wa maegesho ya ndege au wa ghala la mizigo, uambatane na hesabu ya magari kwa saa, kwa kila makutano, kabla ya zabuni kutangazwa. Hesabu hiyo iwe na ofisi moja inayoimiliki.

Hesabu yenyewe si ngumu, na tungependa wananchi nao waifuate. Abiria milioni 6 kwa mwaka ni wastani wa abiria 16,400 kwa siku. Tuwatoe wanaounganisha ndege bila kutoka nje, tukadirie asilimia 15. Wanabaki kama 14,000 wanaoingia au kutoka kwa barabara. Tukichukulia kwamba asilimia 80 wanatumia gari binafsi au teksi, na kila gari lina abiria 1.4, tunapata safari 8,000 zenye abiria. Lakini anayemsindikiza ndugu yake hurudi peke yake, na teksi iliyoshusha mtu mara nyingi hutoka tupu. Safari hizo tupu zikiingia kwenye hesabu, magari yanayopita getini yanafika 16,000 kwa siku. Saa yenye shughuli nyingi zaidi hubeba kama asilimia 10 ya siku nzima: magari 1,600, nusu yakiingia na nusu yakitoka.

Magari 800 kwa saa upande mmoja yanaonekana machache hadi uyapeleke kwenye mataa. Njia moja ya gari ikipewa kijani muda wote hupitisha magari 1,800 hivi kwa saa. Kwenye makutano, kijani hugawanywa. Upande ukipata asilimia 40 ya muda, njia ile inapitisha magari 720. Maana yake uwanja peke yake, katika saa yake nzito, unameza njia nzima na bado magari 80 yanabaki nje. Hapo hatujamhesabu mkazi wa Gongo la Mboto, Kitunda au Yombo, wala semitrela za makontena zinazokatiza Barabara ya Mandela kutoka bandarini. Semitrela moja kwenye mataa hula nafasi na muda wa magari madogo mawili hadi matatu.

Makadirio tuliyotumia (asilimia 80, abiria 1.4, asilimia 10) yabadilisheni mkiwa na vipimo vyenu. Tunachokataa ni kuendelea bila kipimo. Na msipime kwa wastani wa mwaka. Wanaosanifu jengo huchukua siku yenye shughuli nyingi, na barabara isanifiwe kwa siku hiyohiyo, kama zile za Desemba au za Julai na Agosti watalii wanapojaa.

Jambo ambalo mipango mingi hulikosea ni saa. Ratiba ya ndege na ratiba ya barabara ni vitu viwili. Abiria wa ndege ya kimataifa huambiwa afike muda wa saa 3 kabla ya kuruka, hivyo gari lake liko barabarani muda wa saa 3 na nusu hadi 4 kabla. Ndege inayoondoka saa 3 usiku inaonekana haina madhara kwa sababu usiku barabara imepungua. Kumbe abiria wake wanapita TAZARA kati ya saa 11 na saa 12 jioni, wakati watu wa mjini wanatoka kazini. Wanaoshuka nao hutoka getini dakika 45 hadi 90 baada ya ndege kutua, kutegemea foleni ya viza na mizigo. Kwa hiyo ndege 2 kubwa zikitua kwa kupishana robo saa, moja ikiwa imechelewa, mzigo wao hutoka getini pamoja. Mamlaka inapogawa nafasi za kutua na kuruka, iwe na jedwali pembeni linaloonyesha kila nafasi inatia magari mangapi barabarani na saa ngapi. Kusogeza ndege moja kwa dakika 40 kunaweza kuokoa fedha ambazo zingechimba njia ya chini.

Sasa geti. Hapa foleni huzaliwa kwa urahisi, na hapa ndipo tiba ni rahisi kuliko kwingine. Gari likisimamishwa getini kwa sekunde 25, kuulizwa, kuangaliwa buti, kupewa tiketi, njia moja ya geti inapitisha magari 144 kwa saa. Kupokea magari 800 kunahitaji njia 6. Zikiwa wazi 3 tu, yanapita magari 432 na yanabaki 368. Kila gari kwenye foleni huchukua kama mita 7, na yakijipanga mistari mitatu foleni inazidi mita 850 ndani ya saa moja. Ikishatoka nje ya eneo la uwanja inaziba njia ya kushoto ya Barabara ya Nyerere, na hapo daladala ya Ukonga isiyo na habari na ndege yoyote inasimama pia.

Mkiteremsha muda wa kusimama hadi sekunde 12, njia zilezile 3 zinapitisha magari 900, bila tofali hata moja kujengwa. Hilo linafanyika kwa kamera za kusoma namba za gari, ukaguzi wa kina kwa magari yaliyochaguliwa pembeni badala ya yote katikati ya njia, na kupeleka uzito wa usalama kwenye milango ya jengo ambako mashine ziko tayari. Sehemu ya ukaguzi wa pembeni iwe na nafasi ya magari 4 au 5 yasiyozuia wengine. Pale pa kutokea, mlipaji wa fedha taslimu anayesubiri chenji hukaa sekunde 35 au zaidi. Alipe kwa simu kabla hajafika kwenye gari lake, na kizuizi kimfungukie kwa sekunde 8. Tofauti yake ni magari 100 kwa saa dhidi ya 450.

Mbele ya jengo, ukingo wa kushushia nao una hesabu yake. Gari moja linahitaji mita 7.5 na hukaa dakika 2 na nusu likiwa na mizigo na maagano ya familia. Nafasi moja kwa nadharia huhudumia magari 24 kwa saa. Kwa kuwa magari hayaji kwa mpangilio, chukueni 16. Magari 400 kwa saa yanataka nafasi 25, yaani karibu mita 190 za ukingo ulio wazi. Gari la kiongozi au la kampuni lililopaki pale nusu saa linaondoa magari 8 kwenye hesabu, na yale 8 yanasimama mstari wa pili.

Kuhusu teksi, za mtandao na za kawaida, tatizo ni safari tupu. Dereva asiporuhusiwa kusubiri mahali halali, huzunguka, au hupanga gari lake nje kwenye bega la barabara. Tengeni uwanja wa kusubiri ndani ya eneo lenu, wenye choo, kivuli na mfumo wa kuitwa kwa zamu. Ruhusuni aliyeshusha abiria achukue wa kurudi naye. Katika mfano wetu safari tupu ni 8,000 kwa siku. Theluthi moja tu ikipata abiria, mmeondoa magari zaidi ya 2,600 barabarani kila siku. Bodaboda na bajaji wapangiwe pia, maana wafanyakazi wa zamu huwategemea. Wawekwe angalau mita 40 kupita makutano, ndani ya sehemu ya kusimama iliyochongwa kando ya barabara, si kwenye mdomo wa barabara ya kuingilia.

Wafanyakazi wenyewe wamesahaulika mno. Makisio yanayotumika Ulaya ni kama ajira 1,000 uwanjani kwa kila abiria milioni moja kwa mwaka. Hata kama kwetu ni tofauti, uwanja wa abiria milioni 6 una maelfu ya wapishi, wabeba mizigo, walinzi, mafundi, watu wa forodha na wa usafi. Wanaingia zamu alfajiri na kutoka usiku, na wengi hawana magari. Mabasi ya mwendokasi ya awamu ya tatu, yanayoelekea Gongo la Mboto kupitia Barabara hii hii ya Nyerere, yanaweza kuwabeba, kwa masharti mawili. Kwanza, saa za huduma zifuate zamu: basi la kwanza limfikishe mtu kabla ya saa 11 alfajiri na la mwisho limchukue baada ya saa 6 usiku. Pili, kuwe na kiungo kati ya kituo na mlango wa jengo. Mtu mwenye begi la kilo 23 hatembei zaidi ya mita 400 juani akaona huo ni usafiri.

Kiungo hicho ni basi dogo la sakafu ya chini lenye rafu za mizigo. Mzunguko mzima ukichukua dakika 20, mabasi 4 yanatoa basi kila dakika 5, na la 5 linakaa akiba likingoja hitilafu. Nauli iwe ndani ya tiketi ya mwendokasi. Mkitoza tena, abiria atapiga hesabu na kuchukua bajaji.

Reli nayo. Tangu katikati ya 2024 treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) inasafirisha abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, na ina kituo Pugu. Msafiri wa Morogoro aliyekuwa akiletwa na gari kupitia Kibaha na Ubungo sasa anaweza kufika kwa treni, lakini akishuka Stesheni katikati ya jiji anarudi nyuma kwa teksi kupitia Kamata na TAZARA, na hivyo reli imeongeza gari mahali pabaya. Tunaomba basi la moja kwa moja kati ya kituo cha Pugu na uwanja, likingoja treni hadi dakika 20 inapochelewa, na tiketi yake iuzwe pamoja na ya treni. Ni mabasi machache, na yanaweza kuanza hata kabla ya upanuzi wowote.

Turudi kwenye makutano. Daraja la Mfugale lililofunguliwa Septemba 2018 liliinua njia ya moja kwa moja ya Barabara ya Nyerere juu ya Mandela. Limesaidia sana wanaopita juu. Wanaokunja bado wako chini, kwenye taa. Na daraja likipitisha magari haraka zaidi, linayafikisha haraka zaidi kwenye makutano yanayofuata. Ndiyo maana tunaomba hesabu ifanywe kwa mfululizo mzima: Kamata, Chang'ombe, TAZARA, Vingunguti, Jeti Lumo, geti la uwanja, Majumba Sita, Banana, Ukonga Mombasa hadi Gongo la Mboto. Kupima geti peke yake ni kupima homa ya mguu.

Askari anaposhika makutano kwa mkono ana nia njema, na mara nyingi analazimika. Lakini mizunguko hurefuka. Upande unaoleta magari 900 kwa saa ukifungwa dakika 6 hukusanya magari 90. Kwa njia mbili ni mita 315 kila moja, na hiyo inatosha kuziba barabara za pembeni. Njia ya kukunja kulia yenye urefu wa mita 60 hubeba magari 8. La 9 linasimama mbele ya wanaokwenda moja kwa moja. Upande wa pili, kijani cha dakika 5 hupitisha foleni yake mwanzoni, kisha dakika za mwisho zinapita na magari mawili matatu huku wengine wakitazama. Taa zinazosoma wingi wa magari, zilizounganishwa kutoka Kamata hadi Banana, na chumba kimoja ambacho polisi, TANROADS na uwanja wanakaa pamoja, ndicho kifaa kinachokosekana. Taa ziwe na betri za kutosha umeme unapokatika, maana mataa yakizimika askari lazima ashike tena.

Kuna na misafara ya viongozi. Tunalisema hili kwa heshima, kwa sababu lina hesabu kama mengine. Barabara inayobeba magari 1,500 kwa saa upande mmoja ikifungwa dakika 15, yanajikusanya 375. Kama uwezo wake ni 1,800, nafasi ya ziada ni 300 tu kwa saa, kwa hiyo foleni ile inaisha baada ya saa 1 na robo. Kufunga makutano moja baada ya jingine msafara unapokaribia, badala ya kufunga njia yote tangu ndege ikiwa angani, kunapunguza dakika 15 kuwa 4 au 5, na foleni ikaisha ndani ya dakika 25.

Mizigo na mafuta tutayataja kwa ufupi. Tangi la Boeing 787-8, ndege ambayo Air Tanzania inayo, hubeba lita zipatazo 126,000. Lori la mafuta la lita 38,000 lingehitaji safari zaidi ya 3 kulijaza. Mpango wa upanuzi useme mafuta ya ziada yatafikaje, na kama ni kwa maroli, yapite usiku. Bidhaa za ghalani, samaki na maua na vifaa, zipewe lango lao mbali na la abiria.

Ujenzi wenyewe ni mzigo. Udongo wa meta za ujazo 100,000 ukichimbwa huvimba kufikia kama 125,000. Kwa tipa la meta za ujazo 14 ni safari 8,900 hivi. Kazi ikifanywa kwa siku 200 ni tipa 45 kwa siku, mara mbili kwa kwenda na kurudi. Mkataba wa mkandarasi utaje njia za tipa, saa zake, kuosha matairi kabla ya kuingia lami, na faini.

Na maji ya mvua. Hekta 10 za zege jipya, zikinyeshewa milimita 50, hutoa meta za ujazo 5,000 za maji ambayo zamani sehemu yake ilinyonywa na majani. Yakifika yote kwa pamoja kwenye kalavati iliyopimwa kwa hali ya zamani, barabara inageuka bwawa, na jiji hili linajua barabara moja ikifungwa na maji kinachotokea kwa nyingine zote. Kila upanuzi uwe na bwawa la kuyachelewesha ndani ya uzio.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa miradi ya aina hii. Tunaomba sura ya usafiri ndani yake isiishie kwenye uzio. Iwe na hesabu ya magari kwa kila dakika 15, siku 7 mfululizo, shule zikiwa wazi, ikitenganisha pikipiki, bajaji, gari dogo, daladala, basi na roli, na ikirudiwa wiki moja ya mvua. Abiria waulizwe wanatoka kata gani na wamekuja kwa usafiri gani. Kisha makadirio yafanywe kwa mwaka wa kufungua, miaka 5 na miaka 12 mbele, kwa sababu ukuaji wa asilimia 6 kwa mwaka huzidisha abiria mara mbili kwa takriban miaka 12. Jengo linasanifiwa kwa miaka hiyo na lami ya getini isisanifiwe kwa mwaka wa uzinduzi.

Ardhi ya njia ya pili ya kuingilia itengwe sasa, ikiwa bado ni rahisi, na wenye nyumba walipwe kwa wakati. Watu wa Kipawa, Kigilagila na Kipunguni wanajua maana ya nyumba kuthaminiwa leo na fidia kusubiriwa miaka, huku mtu haruhusiwi hata kuongeza chumba. Hatutaki alama ya X nyingine ichorwe ukutani kabla fedha hazijawa benki.

Mwisho ni suala la ofisi. Ndani ya uzio ni Mamlaka ya Viwanja, barabara kuu ni TANROADS, za mitaa ni TARURA, mwendokasi ni DART, leseni ni LATRA, makutano ni polisi. Teueni mratibu mmoja mwenye bajeti na saini, na fungeni kila hatua ya uwezo mpya na hatua ya barabara: maegesho mapya ya ndege yasianze kutumika kabla njia za geti na basi la kiungo hazijafanya kazi kwa mwezi mmoja wa majaribio. Mwaka 2027 Tanzania, Kenya na Uganda zinaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika, na njia ya kutoka uwanja wa ndege hadi Uwanja wa Benjamin Mkapa inapita TAZARA hiyohiyo.

Tunaomba jedwali la kwanza la magari kwa saa, kutoka Kamata hadi Gongo la Mboto, libandikwe kwenye ofisi za kata husika na litangazwe kwa umma kabla ya zabuni ijayo ya upanuzi kufunguliwa. Tuko tayari kukaa na wataalamu wenu kulipitia mstari kwa mstari.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wahandisi na wapangaji wa usafiri,
Dar es Salaam